Uzito Wenye Akili

Habari yenyewe aliileta Rubani, na aliileta akiwa amesimama. Kijiweni kwetu hiyo ni dalili mbaya. Mtu mwenye habari njema hukaa kwanza, akaagiza kahawa, akatuzungusha mpaka tumwombe. Yeye alisimama mbele ya benchi, kofia mkononi, akasema Meneja amerudi kutoka semina.

Hakuna aliyesema pole, lakini sote tulimaanisha. Meneja wa ukumbi wa mikutano, ule wa ng'ambo ya barabara wenye bustani kubwa kuliko ukumbi wenyewe, haendi semina akarudi mikono mitupu. Semina moja ilimfundisha kuwaita wafanyakazi familia, na haukupita muda wapishi wawili wakatolewa kwenye familia. Nyingine ilimfundisha kuondoa viti mapokezini, eti mgeni akikaa anajiona amechelewa. Sasa alikuwa amekwenda tena, na Rubani alikuwa bado amesimama.

"Ameona picha," Rubani alisema. "Mashine ya kukata nyasi kama yangu, imefungwa tangi la dawa nyuma. Inakata na kupuliza papo hapo. Anasema mashine moja, mtu mmoja, kazi mbili."

Hakuna aliyemtazama Mgongo, na hapo ndipo Mgongo alipojua anasemwa yeye.

Ngoja niwaambie hawa ni akina nani, maana mtachanganya halafu mnirudishe nyuma, na mimi sipendi kurudia. Rubani ndiye anayeendesha ile mashine ya kukalia inayokata nyasi za ukumbi. Jina alilipata kwa miwani yake myeusi na kwa anavyokaa kitini akisubiri kuruhusiwa kupaa. Mgongo ndiye aliyekuwa akimfuata nyuma kwa miguu, bomba la dawa ya magugu limefungwa mgongoni, mkono mmoja unapampu, mwingine unapuliza. Amelibeba miaka mingi kiasi kwamba hata akilitua anatembea ameinama, na akifika mlangoni anapita kiubavu ili lisigonge. Wawili hawa ni wanyumba. Wameoa mtu na mdogo wake, wanakaa ua mmoja, na jiko ni hilo hilo moja. Kwa hiyo kazi ya Mgongo ikiota mbawa, Rubani atabaki na kazi, ila sijui atakula wapi.

Mimi ni kinyozi. Wananiita Wembe ingawa natumia mashine. Duka langu linatazamana na benchi, na siku hiyo nilikuwa na mteja kitini, nimemaliza upande wa kushoto. Nilimwambia nakuja.

Benchi nalo lazima nilieleze, ingawa linaniudhi. Ni la Fundi Cheche, mchomeleaji, na liko mbele ya karakana yake. Mtu huyu anachomelea mageti ya watu, anachomelea matela ya malori, lakini benchi lake mwenyewe lina miguu upande mmoja tu. Ile ya upande wa pili aliikata siku moja kumalizia geti la mteja, akasema atairudisha. Basi kwenye ncha ya upande wenye miguu anakaa Tani, muuza simenti, ambaye jina lake halihitaji maelezo, na sisi wengine tunaning'inia kwa hisani yake. Tani akiinuka bila taarifa, tunakwenda chini na vikombe vyetu. Ndiyo maana tuna utaratibu. Akitaka kuinuka anasema, "Naachia." Sisi tunamjibu, "Weka." Anaweka jiwe kubwa pale alipokuwa amekaa, kisha anakwenda zake. Siku akisahau, Mgongo, anayekaa jirani yake, hujitupa kwenye ncha ile kabla ubao haujapanda. Hafikirii wala haombwi. Mwili wake umeshazoea, basi.

Tani ndiye aliyeuliza kazi hiyo ya kufunga tangi itapewa nani. Rubani akaangalia kofia yake. Ndani ya karakana mlio wa kuchomelea ukakatika, na Fundi Cheche akatoka amepandisha kinyago kichwani.

"Nimeshapewa," alisema. "Na vipimo nimeshachukua."

Hapo kijiwe kikachafuka. Bi Chupa, mama anayetuuzia kahawa na kutuita wote wanangu, hata Tani ambaye huenda anamzidi umri, aliweka chupa yake chini na kumuuliza Fundi kama ana roho au ana gesi tu humo ndani. Tani alitoa wazo la nati moja ilegee kidogo, ya bahati mbaya. Mimi nilipendekeza nozeli za kutolea dawa zifungwe zikitazama juu, ili siku ya majaribio dawa iingie ofisini kwa Meneja na semina yake ipate rutuba. Fundi alitusikiliza sote, akajifuta jasho, akasema hapana.

"Nikifunga kitu kikalegea, hakijalegea kitu. Nimelegea mimi."

Bi Chupa alimkumbusha kwamba tunaongea naye tukiwa tunaning'inia kwenye benchi lake. Fundi akasema benchi si kazi, benchi ni nyumbani.

Ndipo Mgongo akaulizwa yeye mwenyewe anasemaje. Alikunywa kahawa yake yote kwanza. Akasema Fundi afunge vizuri, tena akaze sana.

"Likidondoka," alisema, "nitaambiwa nilibebe."

Alisema hana kazi nyingine anayoijua, kwamba alianza kubeba bomba mwanawe wa kwanza hajajua kutembea, na sasa huyo mwana ana ndevu na bado anamwomba baba yake nauli. Alisema asubuhi akiamka mgongo unauma, lakini tangu asikie habari hii unauma mahali pengine. Aliyasema haya akiangalia kikombe. Mimi nilimwonea huruma, nasema wazi, na huruma ikinishika huwa nakuwa mkali, kwa hiyo nikamgeukia Rubani nikamfokea.

Rubani hakujitetea sana. Alisema yeye hakuomba mashine mpya, yeye anaendesha anachopewa. Alisema tangu mkewe asikie, sahani yake inakuja imefunikwa vizuri, na akifunua anakuta haina kitu. "Na mama mkwe amepiga simu," aliongeza. "Ameniuliza kama napata usingizi. Hajawahi kuniuliza hata siku moja."

Kwa hiyo mkisikia watu wanasema habari ya mashine na dawa, mjue kwetu ilikuwa habari ya mtu na mkate wake, na ya ua mzima uliokuwa unataka kupasuka katikati.

Fundi akafunga. Mimi simpendi kila siku, lakini kazi ile aliifanya kwa heshima. Hakutoboa mwili wa mashine hata tundu moja. Alitafuta mashimo yaliyokuwepo tayari kwenye fremu, akapitisha boliti humo, akaunda kitanda cha chuma nyuma ya kiti, akalaza tangi kubwa la bluu na kulibana kwa mikanda. Pampu ndogo aliiunga kwenye betri ya mashine, swichi akaiweka kando ya goti la Rubani. Nyuma kabisa akaweka bomba refu la mlalo lenye nozeli, linalokunjika pande zote mbili ili lipite getini. Alipofika mahali pa kuamua nozeli zikae juu kiasi gani, alimwita Mgongo, akamwambia asimame kama anapuliza. Mgongo akasimama. Fundi akapima kutoka mkono wake hadi chini, akaandika kwa chaki kwenye chuma. Bi Chupa aliondoka pale akasema moshi unamuumiza macho, na hapakuwa na moshi.

Siku ya majaribio tulivuka barabara sote. Tani alifunga duka. Mimi nilikuwa na mteja, si yule wa kwanza, huyu mwingine, ila naye nilikuwa nimemaliza kushoto, akaona bora aje na kitambaa chake shingoni. Tangi lilijazwa maji matupu ya kujaribia. Meneja alikuwepo na simu yake anarekodi video, amesimama mguu mmoja juu ya jiwe. Njia yote ya bustani ile imepangwa mawe makubwa yaliyopakwa rangi nyeupe, kila moja la kumtosha mtu mzima kubeba kwa kuguna. Nayataja mawe sasa ili mjue yalikuwepo.

Kwenye tambarare mashine ilikwenda vizuri mno. Ilikata, ikanyunyiza sawasawa pande zote, na nyuma yake nyasi zikabaki zimelowa bila kuachwa hata mstari. Meneja aliiambia simu yake kwamba hii ndiyo kesho. Mgongo alikuwa pembeni, mikono nyuma, hana kitu mgongoni, na hakujua aiweke wapi ile mikono. Nilimwona akiiweka kiunoni, kisha kifuani, kisha akairudisha nyuma.

Halafu Rubani akaelekea mwinuko ulio mbele ya ngazi za ukumbi.

Tangi likiwa limejaa, na mlima uko mbele, uzito wote ukarudi nyuma. Magurudumu ya mbele yakaachana na nyasi. Yalipanda polepole, bila haraka, mpaka Rubani akawa anatazama mawingu kwa miwani yake myeusi, ameshika usukani, visu chini yake vinakata hewa. Jina lake halijawahi kumfaa kiasi kile. Na sisi, bila kupanga, kwa mazoea tu ya kuona kitu kinainuka upande mmoja, tukasema sote kwa sauti ya chini, "Weka."

Mgongo alikuwa ameshafika. Alikimbia akiwa ameinama vile vile, akajitupa na makalio yake kwenye chuma cha mbele, kwa juu, mbali na visu. Mbele ikashuka taratibu. Rubani akaona tena ardhi, akakanyaga mafuta, na mashine ikapanda mlima wote inakata na kupuliza, Mgongo ameketi mbele amekunja mikono, anatutazama.

Meneja aliteremsha simu. Akauliza huyo mtu amefanya nini pale.

Sote tukamgeukia Fundi. Fundi Cheche hajui kusema uongo. Akiulizwa kwa nini geti halifungi, anasema alikosea. Nilimwona anafungua mdomo, na neno lililokuwa linakuja nililijua, kila mmoja wetu alilijua, na Meneja alikuwa amelikanyaga kwa mguu wa kulia. Tani, ambaye dukani kwake ana mifuko ya simenti ya uzito huo huo imepangwa hadi darini, aliangalia viganja vyake. Bi Chupa akasogea hatua moja na kusimama juu ya kidole gumba cha mguu wa Fundi.

"Tangi likijaa," Fundi alisema, "mbele panataka uzito."

"Na tangi likipungua?"

Fundi akafikiria. Lilikuwa swali la haki, na lilimpa njia. Alisema maji yakipungua, uzito nao unatakiwa urudi nyuma kidogo kidogo, la sivyo mbele itakuwa nzito, itachimba nyasi.

"Kwa hiyo uzito lazima ujue maji yamefika wapi," Meneja alisema.

"Ukijua ni vizuri zaidi."

Meneja alitazama angani, pale pale Rubani alipokuwa akitazama. Niliona kabisa semina inapita usoni mwake. "Uzito wenye akili," alisema. Akalirudia mbele ya simu. Fundi akasema kama bosi anapenda kuuita hivyo, yeye hana kinyongo.

Meneja akamwita Mgongo, akamuuliza ana kilo ngapi. Mgongo akajibu kwamba hajui, maana hajawahi kupimwa bila bomba.

"Usipungue," Meneja akamwambia.

Basi Mgongo akabaki kazini. Alipewa kitambulisho kipya cha kuvaa shingoni, kimeandikwa Msawazishaji. Fundi alimtengenezea kikalio cha chuma mbele, kinachoteleza kwenye reli fupi, na Mgongo anakaa ameelekea nyuma ili aone maji ndani ya tangi. Yakishuka, anajisogeza. Jikoni pale ukumbini kumetoka amri asiondoke na njaa. Nyumbani sahani ya Rubani imeanza kuja na kitu ndani. Analalamika lakini, maana Rubani bila kulalamika haendeshi. Anasema zamani mwanyumba wake alikuwa nyuma, hamwoni wala hamsikii, na sasa wanatazamana macho kwa macho tangu asubuhi, wanasuluhisha mambo ya watoto, ya maji ya bomba, ya nani aliacha geti wazi. Hakuna siri ya ule ua ambayo haijazunguka bustani ile.

Na Mgongo ameanza kunyooka. Siku moja aliingia dukani kwangu wima, kifua mbele, mabega yakigusa fremu za mlango pande zote mbili. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Nikamwambia atoke, ananizibia mwanga.

Shida ikabaki ile moja. Hatukupeana onyo, lakini kila mmoja alijua kwamba akipita mtu wa ukumbini kijiweni, hakuna kutaja jiwe, wala mfuko wa mchanga, wala kitu chochote kizito kisichokula. Aliyeteseka kuliko wote ni Tani. Alikiri kwangu siku moja kwamba usiku akifumba macho anaiona mifuko yake imekaa mbele ya mashine, imetulia. Bi Chupa alimshauri alale akiwa amefumbua.

Halafu Meneja akaja kijiweni mwenyewe.

Hajawahi kuja. Alivuka barabara kwa mguu, akasema anataka Fundi amfungie mashine ya pili kama ile, na kwamba anatafuta uzito wa pili, mtu mtulivu, asiye na safari nyingi. Akakaribishwa. Akakaa katikati yetu, upande unaoning'inia, Bi Chupa akampa kikombe. Mgongo alikuwa mapumziko, yuko mahali pake karibu na Tani. Maongezi yakaenda vizuri. Meneja alitueleza kwamba dunia nzima watu wanahangaika na mashine, na hakuna anayekumbuka binadamu. Tukatikisa vichwa.

Sasa wateja wawili wa simenti wakasimama mbele ya duka la Tani, wakaanza kuita. Tani, kwa mazoea yake, akasema, "Naachia."

Na sisi, Mungu atusamehe, kwa mazoea yetu, tukajibu, "Weka."

Akainama, akanyanyua jiwe, akaliweka, akatembea hatua mbili. Kisha akasimama, hakugeuka. Hata wale wateja waliacha kuita, sijui waliona nini usoni mwake.

Meneja alilitazama lile jiwe. Akainama akachungulia chini ya benchi, akaona miguu iko upande mmoja. Akalitazama jiwe tena. Kisha akainua macho polepole, akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye bustani yake, kule njia ilikopangwa mawe meupe kutoka getini mpaka kwenye ngazi. Nilimwangalia Mgongo. Mabega yake yalikuwa yameanza kushuka, kichwa kinaenda mbele, na ule mgongo wa zamani ulikuwa unarudi mbele ya macho yangu.

"Hili jiwe," Meneja aliuliza, "kazi yake nini?"

Bi Chupa alikuwa mbali, hakufikia mguu wa Fundi.

"Linashikilia benchi, bosi," Fundi alisema.

"Siku zote?"

"Tani akiwa hayupo."

"Na watu wakiongezeka huku, au wakipungua, lenyewe linajuaje?"

Fundi akakiri kwamba halijui.

Meneja akatikisa kichwa. Alikuwa na huruma ya kweli, siwezi kumnyima hilo. Aliweka kikombe chini akatuangalia mmoja mmoja, kama daktari aliyekuta familia nzima inaumwa.

"Ndiyo maana hamwendelei," alisema. "Mnampa jiwe kazi ya mtu. Tafuteni mtu."

Tukamshukuru kwa ushauri. Bi Chupa akamwongezea kahawa bila kuombwa, jambo ambalo mimi sijatendewa tangu nimjue. Tani alirudi hatua zake mbili, akaliondoa jiwe, akaketi, akawapungia wateja mkono waende kwingine. Mgongo akasema tangi linajazwa, inabidi awahi. Alivuka barabara wima, akapita getini bila kugeuka kiubavu.

Meneja alipoondoka aliahidi kutuangalia tunaendeleaje, na mtu huyu ahadi za namna hiyo anazitimiza. Dirisha la ofisi yake linatazama moja kwa moja benchi letu. Jiwe tumelificha karakanani nyuma ya mitungi ya gesi, na benchi sasa lina zamu. Tani anakaa mchana, Bi Chupa jioni, Fundi siku akikosa kazi. Fundi tulimwambia aichomelee tu ile miguu yaishe, akasema ataichomelea, kuna geti la mtu anamalizia.

Asubuhi ni zamu yangu. Ndiyo maana nawasimulia haya nikiwa nimekaa hapa kwenye ncha, na nikiinuka hawa wote wanakwenda chini. Yule mnayemwona kule kitini na kitambaa shingoni ni mteja wangu. Upande wa kushoto nimeshamaliza.